Shangazi na Maji Yasiyotaka Kusafishwa

Shangazi yangu alifanya kazi hospitalini miaka thelathini na moja na hakuwahi kuona mgonjwa akipona. Yeye alikuwa chumba cha nyuma, kule vinakopelekwa vyombo vya upasuaji vikishatumika. Mikasi, koleo na visu viliingia na damu, akavisugua, akavipanga kwenye mashine ya mvuke, akavitoa vimetakata, mlango ukafungwa. Nani alipasuliwa, nani alirudi kwao kwa miguu yake, hakuambiwa wala hakuuliza.

Alipostaafu, balaa likahamia nyumbani. Alisugua ngazi za jengo zima mpaka jirani wa chini akalalamika kwamba anateleza. Ukiweka kikombe mezani ukageuka kupokea simu, ukirudi kikombe kiko kabatini, kimeoshwa, na chai yako imekwenda na maji. Mimi, mtoto wa kaka yake, ndiye niliyejitia akili nikamnunulia tanki la kioo la kufugia viumbe wa baharini, dogo tu, la kutosha meza ya sebuleni. Alilitazama, akalizunguka, kisha akaniambia, "Nataka kuona kitu kimoja kikinawiri mikononi mwangu. Kimoja tu, niridhike." Sikujua kwamba nimejitafutia kesi.

Kulisimamisha hakukuwa na shida. Meza aliipima kwa pima maji ya fundi, chumvi akaikoroga kwenye ndoo kwa vipimo vya duka la dawa, taa na pampu akavifunga mwenyewe. Shida ilianza yalipofika mawe ya baharini ya kuweka ndani. Muuza samaki wa kufuga aliyaleta yamefungwa kwenye magazeti mabichi, yana utelezi, yana viminyoo, yananuka. Akaeleza kwa utaratibu kwamba ndani ya mawe hayo mna bakteria wanaokula uchafu wa samaki, na kwamba lazima waachwe wiki kadhaa waenee kabla ya kutia kiumbe chochote. Kila alichoulizwa alijibu "subiri," hata Shangazi akambandika jina la Bwana Subiri. Katika maelezo yote yale, Shangazi alishika neno moja tu, bakteria. Yule bwana hajafika mwisho wa mtaa, sufuria iko jikoni inachemka.

"Umeyachemsha?" nilimuuliza.

"Dakika ishirini," akajibu, kifua mbele.

Samaki wawili wa kwanza walimaliza siku tatu. Mara ya pili mawe mapya aliyaacha, nikamsifu, nikawahi mno. Wiki ya tatu tanki likaingia rangi ya kahawia kwenye mchanga na kwenye kioo, kama yanavyofanya matanki yote machanga. Shangazi alivumilia mpaka Jumanne. Jumanne akaitoa sponji ya pampu, ile ambayo bakteria wamehamia humo kwa maelfu, akaifua kwa sabuni na maji ya moto. Ijumaa tukazoa tena maiti wawili.

Siku hiyo nilipandwa na hasira na sitajisafisha. Nilimfokea mtu aliyenifundisha kupenga kamasi. "Shangazi, kwani ukitulia na mikono yako utapungukiwa nini?"

"Sasa nafuga samaki au nafuga uchafu?" naye akanijia juu. "Kama ni uchafu, si ningebaki nao kazini?"

Bwana Subiri naye alichoka. "Mama, samaki wangu si maua ya plastiki," alimwambia dukani mbele ya watu. "Nitakupa mara hii. Wakifa hawa, utafute duka lingine." Shangazi aliyezoea kuwanyamazisha madaktari kwa jicho alisimama pale, mkoba kifuani, na mimi nikamwonea huruma.

Mara ya tatu alijizuia kwelikweli. Wiki sita! Ukungu wa kahawia ulikuja, akageuza kiti akaupa mgongo. Kila nikimpigia simu ananiripotia vipimo vya maji kama anasoma chati ya mgonjwa. Vilipotulia akaletewa samaki wawili wa rangi ya chungwa, na wiki mbili baadaye kamba mmoja mdogo, mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, ndevu ndefu kuliko mwili. Kamba huyo ndiye aliyemteka. Alikuwa akimpandia kidoleni kuchukua chakula, na Shangazi ili amlishe alinawa mpaka kwenye viwiko, bila sabuni, huku akinung'unika kwamba kunawa gani huko. Alikuwa na furaha. Mwaka mzima sikuwa nimeisikia sauti yake hivyo.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa kwenye kikao cha wazazi, simu nimeizima. Nilipoiwasha nilikuta Shangazi amenipigia mara kumi na moja na ameacha ujumbe mmoja: kamba amekufa, kalala chali mchangani, mweupe, ndani mtupu, ameliwa na vijidudu mpaka nyama imekwisha. Samaki amewahamishia kwenye beseni. Safari hii anasafisha yeye, kwa njia anayoijua.

Nikampigia Bwana Subiri mbio. Aliguna. "Hilo ni ganda. Kamba akikua analivua, anatoka na jipya. Ukiona hivyo, ujue mambo yamemnyookea. Yeye amejibanza mahali mpaka jipya likaze. Mwambie mama asiguse kitu."

Nikampigia Shangazi. Nyuma yake nilisikia mfuniko wa sufuria ukirukaruka.

"Shangazi, zima jiko. Lile ni ganda tu. Katazame ndani ya tanki, nyuma ya pampu, kwenye pembe, popote palipobaki maji."

Aliweka simu chini bila kuikata. Nikasikia ndara zake zikienda sebuleni, kisha sikusikia kitu. Nilisimama kwenye uwanja wa shule nikijilaumu kwa kuizima simu, kwa kumletea lile tanki, kwa yote.

"Yupo," alisema aliporudi. "Nyuma ya pampu, kwenye vidole viwili vya maji. Anatikisa ndevu."

"Mhamishie kwenye beseni la samaki, taratibu."

"Nimeshamhamisha." Kisha akasema, "Kwa hiyo alikuwa anakua."

"Ndiyo, Shangazi."

"Hapa kwangu."

"Hapo kwako."

Nikamsikia anavuta kiti cha jikoni, anakaa.

"Na mawe nimeyachemsha yote," alisema.