Mama Alipokuja Kumkagua Sungura

Mimi ni mtu wa kujisifu, na kujisifu ndiko kulikonitia matatani na mama yangu.

Nilikuwa nimepata kazi kwenye maabara ndogo ya utafiti hapa Shinyanga mjini. Tulichunguza vinyama, vipande vidogo vilivyokatwa kwenye uvimbe wa matiti, kutoka kwa wanawake wa Geita na vijiji vya machimboni, tukitaka kujua ni uvimbe upi una protini fulani na upi hauna. Protini yenyewe haionekani, hata kwa hadubini. Ndiyo maana tunatumia kingamwili ya sungura. Sungura, huko mbali, hudungwa kipande cha protini ya binadamu. Mwili wake unakiona kigeni, unatengeneza kitu cha kuking'ang'ania. Kitu hicho ukikidondosha juu ya kinyama chetu, kinakamata protini pale ilipo, halafu sisi tunaongeza rangi ya kahawia inayotuonyesha mahali. Ni kazi tamu mno. Siku rangi ilipokubali vizuri kwa mara ya kwanza, nilimpigia mama simu Ushirombo na mbwembwe zangu zote.

"Mama, siku hizi nina sungura wangu. Namuuliza ugonjwa, ananionyesha."

Mama akauliza, "Mnamchinja?"

"Wanamtoa damu tu."

"Haya," akasema, akakata simu.

Kwa watu wa kwetu, mnyama anayeulizwa habari za ugonjwa anajulikana, naye ni kuku. Mfumu, mganga wetu wa kupiga ramli, anampasua, anasoma matumbo yake, anakupa jibu. Mama, mwimbaji wa kwaya na mlezi wa watoto wa komunyo, alikuwa amemsikia binti yake, aliyemsomesha kwa mpunga na mihogo, akikiri kwa kinywa chake kwamba amekuwa mfumu. Wiki hiyohiyo alishuka stendi akiwa na rozari shingoni na chupa ya maji ya baraka.

"Nimekuja kukuchukua," alisema, shikamoo yangu ikiwa bado mdomoni. "Tutalima. Kulima si aibu."

Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaogopa, maana niliona hatanii. Mama angesema kazi hii hapana, nisingeifanya tena kwa moyo mmoja. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wetu wa maabara, nikamvika mama koti jeupe lililomfika vifundoni, nikamwambia akague mwenyewe.

Alikagua kweli. Aliinama akamtafuta sungura chini ya meza. Nilipomwonyesha kichupa chenye matone machache, alinitazama kana kwamba mimi ni muuza samaki aliyepunguza kipimo.

"Sungura mzima ndiye huyu?"

Akafungua chupa ya maji ya baraka. Nikamdaka mkono, nikamsihi anyunyizie kichwa changu anavyotaka lakini asiguse vioo vyangu. Mkuu wetu, mtu mwenye adabu, alimwamkia mama kwa mara ya pili akatoka nje, na huko nje tukamsikia akicheka.

Nikaweka kioo cha kwanza chini ya hadubini. Mama alifumba jicho lisilo lenyewe, akafumba yote mawili, mwisho akapata.

"Naona kahawia. Kama chai iliyomwagikia kitenge."

"Hapo ndipo protini ilipo."

Nikabadilisha, nikaweka kinyama cha mgonjwa mwingine. Kilikuwa cha bluu tupu, rangi tunayopaka kila kinyama ili kionekane.

"Hapa sungura hajasema kitu," akasema.

"Hajasema kwa sababu hamna."

"Na wewe umeridhika?"

"Nimeridhika kabisa. Hilo nalo ni jibu."

Akainua kichwa. "Mfumu hajawahi kuniambia hakuona kitu."

Nikadhani nimeshinda, nikaanza kutabasamu. Lakini akaniomba nirudishe kile kioo cha kwanza, akakitazama kwa muda mrefu.

"Na hapa, amemtaja nani?"

"Nani tena, mama?"

"Aliyeuleta ugonjwa."

"Hamtaji mtu. Uvimbe umeota kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe, na protini ni ya mwili huohuo. Hakuna aliyeuleta."

Mama akavuta kiti, akakaa. Ndipo akaniambia jambo ambalo nyumbani halikuwahi kusemwa mbele yangu. Mdogo wake alipofariki kwa uvimbe wa titi, wajomba walikwenda kwa mfumu, na kuku akamtaja shangazi yangu. Hakuna aliyempiga wala kumfukuza. Waliacha tu kula kwake, na mama aliacha pamoja nao. Utoto wangu wote nilidhani shangazi hajui kupika.

"Hakuna aliyeuleta," mama akasema tena, taratibu. Machozi yalimtoka huku anacheka, nami nikajikuta nacheka naye, nimemshika mabega ndani ya koti lile kubwa. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama saa ile.

Akajifuta uso. "Mpigie shangazi yako."

Nikapiga, nikaweka sauti ya wazi tusikie sote. Shangazi alipokea kwa wasiwasi, akauliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba, wifi," mama akasema. "Jumapili nikitoka kanisani nakuja kula kwako."

Shangazi akauliza polepole:

"Utakula?"

"Nitakula, wifi."

"Basi niambie nipike nini," shangazi akasema. "Nimeshasahau unachopenda."