Siku Niliyotafsiri Neno kwa Neno

Enzi za Wajerumani nilikuwa mkalimani wa boma la Morogoro. Mzungu mkuu wa pale alijua Kiswahili kutushinda baadhi yetu, lakini wazee wa juu milimani walisema Kiluguru tu. Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati yao. Nilikuwa nimebatizwa Pasaka iliyopita, nina rozari shingoni, na nilikuwa mwongo.

Sikujiita hivyo. Nilijiona mpatanishi. Mzee akisema, "Hatutaki," mimi nilisema, "Bwana, wanaomba muda kidogo." Mzungu akitukana, nilisema anawasalimu. Kila upande ulinipenda.

Mwaka uleule Mzungu akaamuru wanaume wa vijiji vya juu wachonge barabara mvua zikianza. Wazee wakakataa: huo ndio wakati wa kupanda. Nikaiogopa hasira yake.

"Wamekubali, Bwana," nikasema. Wazee nao nikawaambia kwamba Bwana atalifikiria.

Jumamosi nilikwenda misheni kuungama. Padri alinisikiliza, kisha akauliza, "Uongo huo uliusema mbele ya watu wangapi?"

"Baraza zima, Padri."

"Basi haitoshi kuniambia mimi peke yangu. Mungu amekusamehe. Sasa rudi ukaseme kweli palepale."

Nilirudi nyumbani bila kumwambia mtu. Kiboko cha boma nilikijua. Mara nyingi nilisimama pembeni yake nikiwatafsiria waliochapwa makosa yao.

Mvua zikaanza, na hakuna mwanamume aliyetokea barabarani. Mzungu akapanda mlima kwa nyumbu, chotara wa farasi na punda, na askari nyuma yake, akaitisha baraza.

"Mliniahidi!" alifoka. Nikatafsiri.

Watu wakatazamana. Bibi mmoja, ambaye ukoo wake ndio wenye ardhi ile, akasimama. "Nani aliahidi?" akauliza.

Nikamgeukia Mzungu. "Bwana, hawakuahidi. Walikataa. Mimi ndiye niliyesema wamekubali, kwa woga wangu." Kisha nikayarudia maneno hayohayo kwa Kiluguru, ili kila mtu asikie. Askari mmoja akachomoa kiboko.

Yule bibi hakunitazama. "Mwambie," alisema, "wanaume wakichonga barabara sasa, mwakani hatutakuwa na chakula, na yeye ataipitisha barabara yake juu ya makaburi yetu."

Zamani ningesema, "Bibi anaomba huruma." Siku ile nililitoa kila neno, hata lile la makaburi.

Mzungu alinikazia macho. "Ndivyo alivyosema?"

"Neno kwa neno, Bwana."

"Na kwa nini leo unasema kweli?"

"Mimi ni Mkristo, Bwana. Nilikuwa nimesahau."

Akavua kofia yake, akaizungusha mikononi. Kisha akasema, "Muulize. Wakishavuna, watakuja?"

Nikamuuliza. "Tukivuna tutakuja," alijibu bibi, na safari hii alinitazama mimi. "Sisi hatuna ndimi mbili kama huyu kijana wako."

Hilo nalo nikalitafsiri.

Mzungu alicheka. Wote tuliokuwa pale tulimsikia akicheka, na yule askari akarudisha kiboko chake mkandani. Akasema barabara itangoja mavuno. Nilipowaambia hivyo kwa Kiluguru, wanawake walipiga vigelegele hadi wakajibiwa kutoka ng'ambo ya bonde na watu wasiojua hata habari yenyewe.

Mimi sikuachwa bila adhabu. Mzungu aliamuru kwamba siku ya kuchonga ikifika, mkalimani naye ashike jembe.

Mahindi yalikubali mwaka ule. Maghala yakajaa, na asubuhi moja ya kiangazi wanaume wakateremka wote, kama walivyosema, majembe begani. Nilichimba nao siku zote zile, viganja vikiota malengelenge. Mchana, wake zao walituletea ugali na maharage, nami nikakaribishwa sahani moja nao. Jioni ya mwisho tulisimama kwenye kona ya juu, tukaitazama barabara nyekundu ikishuka mpaka mjini, tukaimba. Sauti yangu ilikuwa ya kwanza, na sikumwogopa mtu.