Wamekipiga Tupa Kidani cha Mchumba Wangu

Admin, nifiche jina. Najua nusu ya Karatu wakisoma mistari miwili watanitambua, lakini nifiche hivyo hivyo, wapate cha kubishania.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mgane, nina watoto wawili. Shule niliishia la tano, kwa hiyo mkiona koma imekaa vibaya ihamisheni wenyewe. Kazi yangu ni kukereza vyuma: bushi za magari ya watalii, shafti za mashine za kusaga, chochote kinachokatika njia ya Ngorongoro kinaishia mezani kwangu. Karakana niliianzisha mimi, iko hapo hapo nyumbani. Sasa anaiongoza mwanangu wa kwanza, nimwite Bosi, maana ndivyo anavyopenda kuitwa.

Kisa kimeanzia kwenye tipu, kile kipande kidogo cha kabaidi kinachokata chuma kwenye mashine. Zetu za zamani zilikuwa za kijivu, zikichoka unazinoa kwenye jiwe, kazi inaendelea. Siku moja Bosi akarudi kutoka Arusha na boksi la tipu za pembe tatu, zinang'aa manjano kama jino la tajiri. Mimi nikajua wamemtapeli, wamempakia rangi. Alipotoka nikazichukua zote nikazinoa kwenye jiwe kila kona, mpaka makali yakarudi kijivu. Alipoingia nusura alie.

"Baba! Umefanya nini? Hiyo si rangi!"

"Ni nini basi, siagi?"

"Ni ngozi ngumu! Zinawekwa kwenye tanuri lisilo na hewa, madini yanageuka mvuke, yanaganda juu ya kabaidi. Ni nyembamba kuliko unywele, lakini ndiyo inayovumilia joto na msuguano. Hata tupa haiiwezi. Hizi hazinolewi, Baba. Kona moja ikichoka unageuza nyingine, zikiisha zote unatupa."

Nikamsikia. Ila hapo pa kutupa sikukubali, na mpaka leo sikubali. Alipoleta boksi jingine, nikawa naziokota zilizochoka na kuzipanga dirishani. Kona zimelika, lakini tumbo zima bado linang'aa.

Sasa kuna mama mmoja mjane, mtu wa Kansay, anauza shanga kwa wageni wanaopanda kreta. Alileta mkasi wake niunoe, nikaunoa. Kesho yake akaurudisha, na makali yamo! Nami si mtoto. Nikamwambia, "Mama, ukizidi kuunoa huu utabaki na mpini." Alicheka mpaka akakalia ndoo ya oili.

Nikampa tipu moja. Ina tundu katikati, kama iliyotengenezwa ivaliwe.

"Hii dhahabu, mzee?"

"Si dhahabu. Dhahabu ingeshakwaruzika."

Nikamweleza habari yote ya tanuri na mvuke, nikaongeza chumvi kidogo tu. Akaitungia shanga nyekundu na bluu, akaivaa shingoni. Tangu hapo mafundi pale karakana wanamwita mama mdogo.

Kaka zake walipopata salamu zangu za posa hawakukataa. Walisema tu, "Mzee, usije peke yako. Njoo na mwanao mmoja atamke mbele yetu kwamba amekubali, tusije kumwona dada yetu anatolewa nje siku ukifa." Ombi la haki kabisa.

Nikawaita wanangu nyumbani, na mama mwenyewe wa shanga akawepo. Binti yangu, anafanya mapokezi kwenye loji moja, ndiye aliyeanza. "Baba, unatuaibisha! Umri huu? Tena umemhonga mama wa watu dhahabu feki!"

Mama akamjibu taratibu, "Mwanangu, aliniambia si dhahabu."

"Basi ni rangi! Ngoja uone."

Akaenda karakana, akarudi na tupa. Mama akavua kidani mwenyewe, akamwekea mezani. Binti akasugua. Tupa ikateleza kama inapita kwenye kioo. Akasugua tena, jasho linamtoka, kilemba kinamdondoka. Kidani kikabaki kinamtazama tu.

Bosi muda wote alikuwa anaangalia dari. Nikamwambia, "Mweleze dada yako ulichonieleza mimi."

"Baba, tuache hayo."

"Sema!"

"Hiyo tupa haiiwezi," akasema kama anayeng'olewa jino.

"Na chini yake?" akadakia binti. "Chini yake kuna nini?"

"Kijivu. Lakini nacho kigumu."

Mama akanivua kofia, akaniangalia mvi zangu. "Na huyu hivyo hivyo," akasema.

Bosi kicheko kilimponyoka. Kisha akakaza uso. "Nimecheka, lakini Kansay siendi. Nikienda kutamka, nitakuwa nimemsahau mama yangu."

Hilo ndilo lililonichoma. Mama yake nilimuuguza kwa mikono hii mpaka alipofumba macho. Picha yake iko ukutani, na siku hizi anayeifuta vumbi ni huyu huyu wa shanga, wala hakuna aliyemtuma.

Asubuhi yake binti akarudi peke yake, kanuna, akanikabidhi tupa. "Imeisha meno, Baba," akasema. "Haya, Kansay tunaenda lini?"

Sasa ndugu zangu, anayetaka kuniambia niache, asipoteze bando lake. Kuoa naoa. Ninachouliza ni kimoja. Niende Jumapili hii na binti, mzaliwa wa kwanza asikie habari kwa watu, au nimsubiri huyu Bosi mpaka alainike? Nikimsubiri, kaka zake mama kule Kansay wanaweza kuchoka. Nikimwacha, naogopa asiingie tena nyumbani mwangu.

Semeni upesi. Na wewe Bosi, najua unausoma ukurasa huu kuliko unavyosoma vipimo vya kazi: kiti cha mbele kwenye gari hakijakaliwa na mtu. Mimi nimebakiwa na kona moja, mwanangu, na sitaki kutupwa nayo.