Sindano ya Kitanda cha Sita

Naungama mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni Korogwe. Asubuhi ile nilipokea zamu nikiwa dirishani. Muuguzi mwenzangu alinisomea hali za wagonjwa, mimi nikitazama ukungu ukishuka polepole kutoka milima ya Vugiri, nikahisi wodi nzima inaelea. Nilishika jambo moja tu: kitanda cha sita, bibi wa kijiji cha ujamaa huko Kang'ata, sindano ya malaria saa nne.

Saa nne nikaenda. Bibi alikuwa amelala, kajifunika kanga. Nikamchoma taratibu, akanishukuru, nikarudi kwenye ukungu wangu.

Saa nane mchana nikamkabidhi zamu Sista Zubeda, palepale dirishani. "Wa sita nimeshamchoma, anaendelea vizuri sana," nikasema kwa maringo. Lakini yeye haamini maneno ya dirishani. Lazima apite kitanda kwa kitanda. Nikamfuata nikipiga miayo hadi kitanda cha sita.

"Shikamoo bibi. Homa imepungua?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina homa. Nimekuja na treni kutoka Mnyuzi kumwona dada yangu. Alisikia baridi, akaenda kuota jua barazani, akaniachia kitanda nijinyooshe."

Sista Zubeda akanitazama, kisha akamgeukia tena. "Na ile sindano, bibi?"

"Nilichomwa. Siku hizi kila kitu kina utaratibu wake, nikajua wageni nao huchomwa."

Mlangoni alikuwa amesimama bibi mwingine, anatetemeka ndani ya blanketi la wodi.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "ya kwangu bado?"