Miraa ya Joyline Imepokewa na Nani?

Kama kuna mtu aliyezaliwa kupeleka habari, ni Gladwell. Kwao Nkubu walilijua hilo tangu akiwa mdogo: akitumwa dukani kununua chumvi, alirudi na chumvi pamoja na habari za soko zima, na siku nyingine alirudi na habari akaisahau chumvi. Kwa hiyo chuo kimoja kidogo cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Embu, kilipomwajiri kuwa karani wa mapokezi na kumkabidhi simu ya ofisi ili awajulishe wazazi mambo ya chuo, hakuna jirani aliyeshangaa. Walisema tu kwamba sasa analipwa kwa ugonjwa wake mwenyewe.

Mkuu wa chuo, Madam Ruguru, alitarajia matangazo ya kawaida kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi: tunafungua lini, tunafunga lini, kila mwanafunzi aje na blanketi. Gladwell aliyatuma hayo, lakini aliona aibu kuyatuma makavu. Akayatia chumvi. Leo wali umeiva hadi wasichana wa bweni la juu wamerudi foleni mara ya pili. Mwalimu wa hesabu ameshona suti mpya, wazazi mtuombee tusikie anachofundisha. Maji yalikatika asubuhi, lakini msiwe na wasiwasi, wameoga, nimewanusa. Wazazi wakampenda kufa. Mama mmoja wa huko Mbeere alikuwa akimwita "redio yetu".

Wala usidhani kazi hiyo ni upuzi. Mzazi akiwa kule kwake, katikati ya migomba na ng'ombe, hajui mwanawe amekula nini Embu. Akimpigia simu mtoto anajibu "niko poa" na salio linaisha. Hiyo "niko poa" haimshibishi mtu. Gladwell alilijua hilo vizuri, maana naye ana kijana anayesoma Mombasa, na kijana huyo hajawahi kumpa mamake sentensi yenye maneno zaidi ya hayo mawili.

Mwenye njaa kuliko wote alikuwa Mutembei, mkulima wa miraa wa Muthara, kule Tigania. Binti yake Joyline ndiye kifungua mimba, na ndiye wa kwanza katika ukoo wao kuvuka kidato cha nne na kuendelea. Mutembei hana simu ya maana, ila mkewe Karambu anayo, na jioni Karambu humsomea habari za chuo huku yeye akifunga vitita vyake vya miraa. Mzee hakuwahi kutuma hata salamu kwenye kikundi. Lakini Karambu alimwambia Gladwell kwa siri kwamba siku isiyo na habari, Baba Joyline huenda kulala mapema na hasemi na mtu.

Basi ikafika siku ya utamaduni. Wanafunzi wa kila upande walitayarisha lao, na wale wa Tigania wakaamua kuigiza posa. Kwao, anayekuja kumwomba msichana huleta kitita maalumu cha miraa bora, kimefungwa kwa majani ya mgomba, nacho huitwa ncoolo. Babake msichana akikipokea, kisha kikafunguliwa na watu wakala, amekubali. Kulitengua jambo hilo baadaye kunahitaji wazee na maneno mengi.

Joyline akapewa kuwa msichana anayeposwa. Gachoki, kijana wa Kirinyaga ambaye hajawahi kuukaribia mti wa miraa maishani, akawa mposaji. Ikabaki nafasi ya baba. Wavulana wote walikuwa na ndevu za kubahatisha, kwa hiyo wakamwomba Ireri, mtu wa stoo, Mmbeere mwenye mvi za heshima na koti la kijivu. Ireri akakubali haraka mno. Ilipangwa watumie majani ya mparachichi badala ya miraa, lakini wale wa Tigania waliona hiyo itakuwa fedheha mbele ya makabila, wakatafuta miraa yenyewe.

Ireri alipokea kitita kwa mikono miwili kama aliyekizaa. Igizo likaisha, watu wakapiga makofi. Sasa niambie, ni Mmbeere gani atakayetupa miraa nzuri namna ile kwa sababu eti igizo limeisha? Ireri alikaa langoni, akafungua majani, akawagawia walinzi, nao wakala kwa utulivu mkubwa. Gladwell alikuwa pale pale na simu ya ofisi, anarekodi kila kitu huku akicheka hadi picha inatikisika.

Kisha akaandika: "Wazazi, habari ya leo ni moto! Joyline wetu wa Muthara ameposwa. Baba amepokea miraa kwa mikono miwili na tayari wanaila. Shoneni nguo." Akatuma pamoja na video, akaifungia simu kwenye droo, akaenda mazoezi ya kwaya. Ilikuwa Ijumaa. Hakuandika popote kwamba ni igizo. Kwake jambo hilo lilikuwa wazi kama mchana.

Jumatatu asubuhi alifungua droo, akakuta kikundi kimechemka hadi kumwagika. Wazazi walikuwa wamemwaga pongezi na aya za Biblia. Mzee mmoja wa Nkubu alikuwa amejitolea mahema. Mama wa Mbeere aliuliza rangi ya kitenge, wengine wakamjibu ni kijani, wengine wakakataa, na kufikia Jumapili kulikuwa na kamati ya harusi yenye mwenyekiti na makamu wake ambao tayari hawakuwa wakisemezana. Gladwell alicheka hadi akashika meza. Halafu akafikia ujumbe wa sauti wa Karambu.

"Madam Gladwell, shikamoo. Baba Joyline hajakula vizuri tangu Ijumaa. Anauliza kitu kimoja tu: huyo mwanaume aliyepokea miraa ya msichana wake ni nani? Nimemwambia pengine ni mchezo, anasema ameiona miraa ikiliwa, kwa macho yake mwenyewe. Wametoka leo mapema, yeye na wazee. Anakuja kumchukua mtoto arudi nyumbani."

Kicheko kikamkauka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na huu ulikuwa umekwisha kutumbuka na sasa uko njiani, bakora mkononi.

Alimkimbilia Madam Ruguru, akamweleza yote. Madam alivua miwani. "Gladwell, wewe huwezi kuandika habari ikabaki habari tu?" Gladwell alipomwita Joyline, msichana alikaa kwenye benchi la ofisi akaanza kulia. "Madam, hujui Baba. Akisema nirudi, narudi. Hakuna mtu hu-argue na yeye. Na mimi napenda hapa, Madam. Napenda sana." Ulimi wa Gladwell ulikuwa umemtia taabuni mara nyingi maishani, lakini haukuwa umewahi kumtia mtoto wa mtu.

Wazee waliingia kabla ya chakula cha mchana, na majaketi yao mazito na kofia. Mutembei alikuwa mwembamba, mpole wa uso, na hilo lilimtisha Gladwell zaidi kuliko kama angekuja anafoka. Aliyewaongoza alikuwa Kailemia, kaka yake mkubwa, mzee wa baraza. Wakasalimia, "Muga," wakaketi. Gladwell akaleta chai ya maziwa na mandazi. Hakuna aliyegusa. Mzee mwenye neno moyoni hali cha mtu kabla ya kulitoa.

"Baba Joyline," Gladwell alianza, "pole sana. Ilikuwa tu mchezo wa wanafunzi. Skit ya culture day."

"Mchezo," alisema Kailemia. "Na miraa, hiyo ilikuwa ya mchezo?"

Ireri, aliyekuwa ameitwa na kusimama karibu na kabati, ni Mkristo asiyejua kudanganya. "Hapana, mzee. Ilikuwa miraa kabisa."

"Ililiwa?"

"Ililiwa. Ilikuwa tamu sana."

Madam Ruguru alikohoa kwenye leso kwa muda mrefu usio wa lazima.

"Basi mchezo uliisha pale mlipoanza kutafuna," Kailemia alisema. "Kutoka hapo ilikuwa posa. Huyo kijana yuko wapi?"

Gachoki akaletwa. Kailemia alimtazama kutoka viatuni hadi nywele. "Kijana, uko na shamba?"

"Sina, mzee. Niko second year."

"Ng'ombe?"

"Kuna mbuzi, lakini ni ya shosho, mama yake baba."

Wazee walitazamana, na mmoja wao akageukia dirisha, mabega yakimcheza. Ndipo Mutembei akazungumza, kwa sauti ya chini, akimtazama Gladwell peke yake.

"Mimi sikuja kugombana, Mwalimu. Hata miraa si kitu, shamba langu limejaa miraa. Nilionyeshwa video. Nikaona Joyline amependeza, anacheka vile sijamwona akicheka nyumbani. Na kando yake kuna baba, amekaa kwa kiti, anapokea wageni. Huyo baba si mimi. Nilimwambia Karambu arudie, akarudia. Nikasema, kumbe huko Embu wamempatia baba mwingine, na hakuna mtu ameona mimi nakosekana."

Gladwell alitaka ardhi ipasuke. Alikuwa ametayarisha maelezo mengi, kuhusu sanaa na utamaduni na silabasi, na yote yakamtoka. "Mzee, kosa ni langu," alisema. "Hiyo habari niliitia chumvi nikasahau kutia chakula. Nisamehe. Lakini usimtoe mtoto kwa sababu ya mdomo wangu."

Penye wazee haliharibiki neno. Waliomba nafasi, wakatoka nje chini ya ukuta wa jikoni, wakateta kwa Kimeru. Waliporudi, Kailemia alifungua mfuko aliokuja nao, akatoa kitita kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kibichi, kinanukia shamba. "Jambo la miraa hutenguliwa kwa miraa," alisema, "na mbele ya macho yale yale yaliyoona. Aliyekosekana juzi leo yuko. Rudieni."

Habari ilifika madarasani kabla ya kengele. Vipindi vikafa vyenyewe. Wanafunzi walimiminika uwanjani, wapishi wakaja na miko yao, walinzi wakaacha lango wazi, na Madam Ruguru, ambaye asubuhi alikuwa akinguruma, alijifunga leso kiunoni akajitangaza shangazi. Kiti kikaletwa. Ireri akakivuta mbele yeye mwenyewe, akakifuta vumbi kwa mkono wa koti lake, akamkaribisha Mutembei aketi. Joyline akapiga magoti kando ya baba yake, macho mekundu, akiogopa kumtazama. Gachoki akasogea na kitita mikononi, akitembea kama aliyebeba mayai.

Gladwell alirekodi. Mara hii simu haikutikisika.

Mutembei alipokea kitita. Uwanja wote ukaguna. Akakigeuza, akakinusa, akachungulia vichwa vya miraa kati ya majani, na kwa sababu mkulima ni mkulima hata akiwa mahakamani, akasema, "Hii imevunwa vizuri." Kailemia akamkumbusha kwamba ni yake mwenyewe. Watu wakaangua kicheko, naye Mutembei akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwondoka.

"Joyline. Huyu kijana unamjua?"

"Ni classmate tu, Baba."

"Na hapa, wanakutunza?"

"Wananitunza."

"Unataka twende nyumbani, ama unataka kusoma?"

Hilo halikuwa katika igizo, na kila mtu alilijua. Joyline aliinua uso. "Nataka kusoma, Baba. Lakini nataka pia ukuwe ukikuja."

Mutembei akakinyanyua kitita na kukirudisha mikononi mwa Gachoki, taratibu, mbele ya watu wote. "Rudi nayo, kijana. Huyu msichana bado anasoma. Na akimaliza, ni yeye atasema."

Kelele zilizozuka zilisikika hadi barabara kuu. Wasichana wa bweni la juu walipiga vigelegele, Ireri akapiga miluzi kama mchunga ng'ombe, na Gachoki, aliyekataliwa hadharani, alikuwa na furaha kuliko wote, hata akamkumbatia Kailemia bila ruhusa. Joyline alilaza kichwa kwenye goti la baba yake akacheka, kile kicheko cha kwenye video, na Mutembei akaweka mkono juu ya nywele zake asijue aupeleke wapi tena. Gladwell alikuwa akicheka na kulia pamoja, pua inamchuruzika, na hakuona sababu ya kuificha.

Chai ilipashwa moto ikanywewa, na mandazi hayakubaki. Wazee walipokuwa wakiaga, Mutembei alimsogelea Gladwell kando.

"Hiyo umeshika kwa simu?"

"Nimeshika yote, mzee."

"Watumie wazazi." Akasita, akarekebisha kofia. "Na hapo kwa maandishi, sema huyo baba ni mimi."

Gladwell aliandika akiwa amesimama, neno kwa neno, bila chembe ya chumvi: "Huyu aliyeketi ni Mutembei wa Muthara, babake Joyline. Amekuja chuoni leo." Kabla ya kutuma alimsomea. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akamwomba amsomee tena.