Siku Niliyoingia kwenye Seva kama Msimamizi Mkuu

Jamani, naandika huku nimejifunika kanga usoni. Mimi ndiye ninayetunza tovuti ya ushirika wetu wa wakulima wa mananasi, Kiwangwa. Seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti hiyo, iko Dar, mimi niko nyumbani Mapinga na kompyuta yangu. Siku mbili nzima, kila nikihariri ukurasa, seva inakataa kuhifadhi: “Huna ruhusa.” Jana asubuhi nikagundua kumbe naweza kufungua faili kwa jina la msimamizi mkuu, ambaye seva haimkatalii chochote, humo humo kwenye programu yangu ya kuandikia! Nikafungua faili nililodhani ni nakala ya majaribio, nikaandika: “Mwenyekiti wetu hukoroma vikaoni.” Nikahifadhi. Ikakubali! Nikapiga vigelegele peke yangu, nikazunguka sebule nzima nikicheza.

Simu ikaita. Alikuwa mwenyekiti mwenyewe, Bi Zuhura, yuko ofisini na wanunuzi wageni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimewafungulia wageni tovuti yetu kwenye skrini kubwa, wote wanasoma. Hebu niambie, huwa nakoroma kwa sauti?”