Kipindi cha Mzee wa Vitengeni

Uandishi wa habari za uchunguzi nilifunzwa katika redio moja ya Malindi, na mwandishi mstaafu wa magazeti ambaye hakupenda machozi. "Mwanangu," akinambia, "machozi kila mtu anayo. Wewe niletee kilichotangulia na kilichofuata."

Kazi yangu ya kwanza ilimhusu mkulima wa Vitengeni, mzee aliyefukuzwa kwake na watoto wa nduguye. Mtoto mmoja wa ukoo alikuwa amefariki, wakadai mzee ndiye aliyemroga. Nilimkuta Gede, kwa binti yake, kazipaka nywele rangi nyeusi. Kule kwao mvi peke yake ni kesi ya uchawi.

Alinieleza hadi chai ikapoa. Mwisho akanisihi, "Sema habari ya shamba langu. Hiyo ya uchawi ni kifuniko tu."

Mwalimu alikuwa ameshanifunza kwamba hata mtuhumiwa hubishiwa hodi. Basi nikapanda Vitengeni, nikabisha kwa mkubwa wa wale ndugu. Alinipa kiti vizuri. Nyuma ya nyumba mawe ya mpaka yalikuwa yamesimikwa, bado meupe.

"Shamba mmeliuza?"

"Sehemu tu."

"Lini?"

"Kabla ya masika."

"Na mtoto aliugua lini?"

"Wakati wa kuvuna," akajibu bila kufikiri. Kisha akatambua alichokisema. Aliinuka, akaniambia niondoke.

Majirani nao walithibitisha: shamba liliuzwa kwanza, uchawi ukaja baadaye. Mwalimu aliposikiliza rekodi alinishika bega. "Sasa umekuwa mwandishi." Sijafurahi vile tena.

Lakini aliyenunua shamba alikuwa akitangaza viwanja vyake kwenye redio yetu kila asubuhi, na mkurugenzi alimjua. Siku kipindi kilipokwenda hewani, mamangu aliwaita jirani zetu waje wasikilize. Nilikaa nao sebuleni nikisubiri. Shamba halikuwamo. Mnunuzi hakuwamo. Ilibaki sauti ya mzee ikisema, "Waniita mchawi," na ngoma zikilia chini yake.

Nilimfuata mkurugenzi ofisini.

"Watu wanapenda habari za uchawi," akasema. "Na jina lako limesikika. Wataka nini tena?"

Mwalimu alipomkabili aliambiwa apumzike nyumbani, wala hakuitwa tena. Mimi nilichukua rekodi yangu nzima, nikaizungusha kwenye redio nyingine. Hawakuitaka. Waliniambia habari hiyo imeshasikika.

Nikaenda Gede kueleza. Binti wa mzee alisimama mlangoni, hakunikaribisha. "Hapa hakuna aliyekuwa akijua tulikotoka," akasema. "Sasa watoto wa jirani wanakatazwa kupita mbele ya nyumba yetu. Hiyo ndiyo kazi mliyosomea?"



Mzee alifia huko huko Gede, akazikwa kwenye kiwanja cha mkwewe, maana kwao Vitengeni kulikuwa kumeshazungushwa ukuta. Kile kipindi kilipewa cheti cha pongezi. Nasikia wanafunzi wapya wa redio husikilizishwa hicho, waone kazi nzuri inavyofanywa.